Plastiki Inayojipanga Yenyewe: Kopolima za Bloku katika Seli za Sola

Mazungumzo haya yanahusu seli za sola zinazotengenezwa kwa plastiki, na hasa aina moja ya plastiki hiyo inayoitwa kopolima za bloku.

Seli ya sola iliyozoeleka madukani na juu ya mapaa ni ya silikoni. Lakini kwa zaidi ya miaka 30 wanakemia na wanafizikia wamekuwa wakitafuta seli ya namna nyingine: nyepesi, inayopindika, inayoweza kuyeyushwa ikawa wino na kuchapishwa kwa mashine. Seli hizo zipo na zinatoa umeme. Kunasa mwanga si shida yake, kwa maana plastiki inayohusika hunasa mwanga vizuri sana. Shida iko ndani, katika mpangilio wa vitu viwili ambavyo sharti vikae jirani, bila kuchanganyika mno na bila kutengana mno. Kopolima za bloku ni jibu mojawapo la shida hiyo. Kwa hiyo neno la kushika tangu mwanzo ni hilo: mpangilio.

Mazungumzo yatakwenda kwa hatua. Kwanza, plastiki inawezaje kupitisha umeme? Pili, ndani ya seli ya plastiki mwanga hugeukaje kuwa umeme, na hupotelea wapi? Tatu, kopolima ya bloku ni nini, na inasaidiaje? Nne, inatengenezwaje, imefikia wapi, na nini bado kinaikwamisha?

Hatua ya kwanza, basi. Polima ni nini?

Polima ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Uzi unaweza kuwa na vipande makumi, mamia au maelfu. Ndoo ya plastiki ni polima, mfuko wa nailoni ni polima, shati la polista ni polima, na tairi la baiskeli vilevile. Polima hizi za kila siku hazipitishi umeme. Ndiyo maana waya wa shaba huvikwa plastiki, ili anayeushika asipigwe shoti. Elektroni za plastiki hiyo zimebanwa kati ya atomu na atomu, hazina pa kwenda.

Ipo, hata hivyo, jamii nyingine ya polima. Katika uti wake, atomu za kaboni zimeungana kwa zamu: kifungo kimoja, kisha vifungo viwili, kisha kimoja, kisha viwili, hivyo hivyo hadi mwisho wa mnyororo. Kupishana huko kwa vifungo hubadili tabia ya kitu kizima. Baadhi ya elektroni haziwi tena mali ya atomu mbili tu, bali husambaa kando ya mnyororo. Polima za namna hii huitwa polima za vifungo pishani, na tabia yake ni ya semikondakta: hazipitishi umeme kwa wepesi wa shaba, wala haziuzuii kama plastiki ya ndoo. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini, ambayo ni mojawapo ya polima hizo, ikitiwa iodini hupitisha umeme mamilioni ya mara kuliko ilivyokuwa kabla. Kwa kazi hiyo watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Kati ya polima za vifungo pishani, moja imechunguzwa kuliko karibu zote nyingine katika seli za sola. Ni polithiofeni yenye jina fupi la P3HT. Kila kipande chake ni pete ndogo ya atomu nne za kaboni na moja ya salfa, na kwenye kila pete unaning'inia mkia wa kaboni sita. Pete ndizo zinazobeba umeme. Mkia kazi yake ni kuifanya polima iyeyuke. Bila mkia huo polima ingebaki unga usioyeyuka, na habari ya wino ingeishia hapo.

P3HT ikiyeyushwa katika klorobenzini hutoa kimiminika cha rangi ya machungwa. Tone la kimiminika hicho likidondoshwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, husambaa, kiyeyushi hukauka, na mbele ya macho ya anayetazama rangi ya machungwa hugeuka kuwa zambarau. Rangi hubadilika kwa sababu ndani ya kimiminika minyororo imejipinda huku na huku, kila mmoja peke yake. Inapokauka hunyooka, hulala bapa na kupangana mmoja juu ya mwingine, na mnyororo ulionyooka hunasa mwanga tofauti na uliojipinda. Yaani hata kwa jicho tu, pasipo kifaa chochote, mpangilio wa ndani unaonekana. Na utando huo wa zambarau ni mwembamba kiasi gani? Unene wake ni takriban nanomita 100. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene mara mamia kadhaa kuliko huo.

Msikilizaji anaweza kuuliza: silikoni ina kosa gani hata itafutwe mbadala? Silikoni haina kosa kubwa. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilitangazwa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, na leo paneli zake ni imara na bei yake imeshuka mno. Lakini silikoni huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,400 za Selsiasi, huhitaji tabaka nene kuliko utando wa plastiki kwa zaidi ya mara elfu moja, na huvunjika ikipindwa. Polima huandaliwa katika joto la chini, hutumia malighafi kidogo kwa eneo kubwa, na huweza kubandikwa mahali ambapo paneli nzito haikai: kwenye kitambaa, kwenye turubai, kwenye kioo cha dirisha kinachopitisha nusu ya mwanga. Mwaka 2010 watafiti wa Risø nchini Denmark walieleza jinsi walivyochapa seli za polima kwenye roli za plastiki nyembamba na kuziunganisha na taa ndogo kwa ajili ya mpango wa Lighting Africa, ambao miongoni mwa nchi zake za majaribio ya mwanzo ilikuwemo Kenya. Taa hizo zilionyesha kwamba uchapaji unawezekana. Zilionyesha pia kwamba ufanisi na uimara bado ni kazi iliyobaki.

Hapo ndipo inapoanza hatua ya pili. Mwanga hugeukaje kuwa umeme ndani ya plastiki?

Katika silikoni, mwanga ukiingia hung'oa elektroni, na elektroni hiyo huwa huru karibu papo hapo. Pale ilipotoka hubaki pengo lenye chaji chanya, linaloitwa tundu. Elektroni huenda upande wake, tundu upande wake, na umeme unapatikana. Katika polima mambo si mepesi hivyo. Mwanga ukiingia, elektroni huinuka kweli, lakini haiachani na tundu lake. Polima haina uwezo mkubwa wa kuzima mvutano kati ya chaji chanya na chaji hasi, kwa hiyo viwili hivyo hubaki vimeng'ang'aniana. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Kwa ujumla haina chaji, na kitu kisicho na chaji hakitoi umeme.

Eksitoni basi lazima ivunjwe. Nini kinaivunja? Joto la kawaida la chumba halitoshi. Kinachoivunja ni mpaka, pale polima inapokutana na dutu nyingine inayozipenda elektroni zaidi. Eksitoni ikifika mpakani, elektroni huruka upande wa pili, tundu likabaki upande wa kwanza, na jozi imeachana. Dutu inayotoa elektroni huitwa kitoaji, na ile inayopokea huitwa kipokeaji. Bila kitoaji na kipokeaji, seli ya plastiki haifai kitu.

Sasa isikilizwe hesabu moja, ni hesabu ndogo. Eksitoni huishi muda mfupi sana, kiasi cha sehemu ya bilioni ya sekunde, na katika muda huo husafiri takriban nanomita 10 tu. Isipofika mpakani ndani ya umbali huo, elektroni hurudi tundu lake na nishati hupotea, nyingi ikiwa joto. Lakini ili utando unase sehemu kubwa ya mwanga, unahitaji unene wa nanomita 100 au zaidi. Safari ni ya 10, unene ni wa 100. Shida nzima ya seli za plastiki imo ndani ya tofauti hiyo.

Historia ya seli hizi ni historia ya kuhangaika na tofauti hiyo. Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak alichapisha taarifa ya seli yenye matabaka mawili ya dutu za kaboni, kitoaji chini na kipokeaji juu. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ufanisi wake ulikuwa takriban asilimia 1. Yaani kati ya sehemu 100 za nishati ya mwanga, sehemu 1 tu ndiyo iliyotoka ikiwa umeme. Mpaka ulikuwa mmoja tu, katikati. Eksitoni zilizozaliwa karibu nao ziliokoka, zilizozaliwa mbali zilipotea.

Mwaka 1992 Niyazi Serdar Sariciftci, Heeger na wenzao huko Santa Barbara walionyesha kwamba fulereni, ile molekuli ya kaboni 60 yenye umbo la mpira, hupokea elektroni kutoka kwenye polima kwa kasi ya ajabu. Na mwaka 1995 kundi la Santa Barbara lilikuja na wazo jepesi lililobadili uwanja mzima. Badala ya kuweka tabaka juu ya tabaka, kitoaji na kipokeaji viyeyushwe pamoja, vimwagwe pamoja, vikaukie pamoja. Vinapokauka huanza kutengana kila mahali kwa wakati mmoja, na utando mzima hujaa visiwa na mipaka. Sasa eksitoni popote inapozaliwa ina mpaka karibu.

Je, kuchanganya kulimaliza tatizo? Kulilipunguza, hakukulimaliza. Mchanganyiko lazima utimize masharti mawili yanayopingana. Sharti la kwanza: visiwa viwe vidogo, nanomita 10 hadi 20, ili eksitoni ifike mpakani. Sharti la pili: visiwa viungane, viwe njia zisizokatika, ili elektroni zifike elektrodi moja, yaani ncha moja ya umeme ya seli, na matundu yafike nyingine. Visiwa vikiwa vidogo kupita kiasi, njia hukatika na chaji hukutana tena na kufutana. Vikiwa vikubwa kupita kiasi, eksitoni hufia njiani.

Na nani anayeamua ukubwa wa visiwa hivyo? Huamuliwa na kiyeyushi, na kasi ya kukauka, na joto, na muda. Mchanganyiko wa P3HT na fulereni, kwa mfano, hupashwa joto la nyuzi 100 na kitu hadi 150 kwa dakika chache. Ukipashwa sawasawa, ufanisi hupanda na kufika asilimia 4 hadi 5. Ukizidishiwa joto au muda, fulereni huendelea kujikusanya hadi kufanya fuwele kubwa zinazoonekana kwa hadubini ya kawaida, na seli hudhoofika. Hili lirudiwe, kwa sababu ndilo kiini cha jambo. Mpangilio wa mchanganyiko wa kawaida ni safari iliyosimamishwa katikati. Dutu mbili zilikuwa njiani kutengana kabisa, zikagandishwa kabla hazijafika. Zikipata joto, na juu ya paa la nyumba joto halikosekani, huendelea na safari yake polepole.

Hatua ya tatu inaanzia hapo hapo. Je, inawezekana kutengeneza dutu ambazo hata zikiachiwa zifike mwisho wa safari, mwisho wenyewe uwe ndio mpangilio unaotakiwa? Kopolima za bloku zimejengwa juu ya wazo hilo.

Polima yenye kipande cha aina moja tu ni uzi wa shanga za rangi moja. Kopolima ni uzi wenye shanga za rangi mbili au zaidi. Rangi zikifuatana ovyo, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyekundu, nyeupe, hiyo ni kopolima holela. Lakini nusu ya uzi ikiwa nyekundu tupu na nusu ya pili nyeupe tupu, na nusu hizo mbili zimeungana katikati, hiyo ni kopolima ya bloku. Kila nusu ni bloku.

Sasa ichukuliwe kwamba nyekundu na nyeupe hazipatani. Nyuzi nyekundu na nyuzi nyeupe zilizo mbalimbali zikimwagwa kwenye chombo kimoja, nyekundu zitahamia upande wao wote na nyeupe upande wao wote. Lakini ikiwa kila uzi una nusu nyekundu na nusu nyeupe, zitatenganaje? Zinataka kuachana ila zimefungwa pamoja. Haziwezi kwenda mbali kuliko urefu wa uzi wenyewe. Matokeo yake hutengana kwa kiwango kidogo mno: tabaka jembamba jekundu, tabaka jembamba jeupe, jekundu, jeupe, kote katika utando. Na unene wa kila tabaka hufuata urefu wa bloku.

Mambo matatu huamua umbo litakalotokea. La kwanza ni urefu wa mnyororo: mrefu hutoa matabaka manene, mfupi hutoa membamba, na mfupi kupindukia haujitengi kabisa. La pili ni ukali wa kutopatana kati ya bloku hizo mbili. La tatu ni uwiano wa bloku. Zikilingana, hupatikana matabaka bapa; moja ikiizidi nyingine, ndogo huwa mitungi iliyopangwa ndani ya kubwa; ikizidi kupungua, huwa tufe zilizotawanyika kwa mpango. Ukubwa wa maumbo hayo kwa kawaida ni kati ya nanomita chache na nanomita 100.

Jambo hili halikuanzia kwenye sola. Mwaka 1956 Michael Szwarc, aliyekuwa Syracuse nchini Marekani, alieleza njia ya kukuza polima ambazo minyororo yake haifi baada ya kumaliza chakula chake cha kwanza. Ikiongezewa kipande cha aina nyingine, huendelea kukua na kipande hicho kipya. Njia hiyo ilifungua mlango wa bloku. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Shell ilianza kuuza kopolima ya bloku tatu, polistirini ngumu kwenye ncha mbili na mpira laini katikati. Bidhaa za ukoo huo ziko kwenye soli za viatu na katika lami ya barabara zinazotakiwa kuvumilia malori mazito. Mwenye kuvaa kiatu hicho anakanyaga mabilioni ya visiwa vidogo vya polistirini vilivyoushika mpira usitawanyike, na visiwa hivyo vilijipanga vyenyewe.

Kwa seli ya sola, hatua iliyobaki ni moja: bloku moja iwe kitoaji, nyingine iwe kipokeaji, na zote ziwe polima za vifungo pishani. Faida zake ni tatu. Moja, tabaka la nanomita takriban 10 linaweza kupangwa tangu kwenye kemia, kwa kuchagua urefu wa mnyororo, ili kila eksitoni iwe karibu na mpaka. Mbili, matabaka yakisimama wima kutoka elektrodi hadi elektrodi, kila chaji hupata njia iliyonyooka. Tatu, mpangilio huo ndio mwisho wa safari, na kwa hiyo joto halina pa kuupeleka zaidi. Joto lile lile linalovuruga mchanganyiko wa kawaida ndilo linaloweza kukamilisha mpangilio wa kopolima ya bloku.

Hatua ya nne: kopolima hizi zinatengenezwaje, na zimefikia wapi?

Majaribio ya mwanzo yalitumia bloku moja ngumu yenye vifungo pishani na bloku moja laini ya kawaida. Karibu na mwaka 2000 kundi la Georges Hadziioannou, lililokuwa Groningen nchini Uholanzi, lilijenga kopolima yenye kitoaji kigumu upande mmoja na mnyororo laini uliobebeshwa fulereni upande wa pili. Mwaka 2006 kundi la Mukundan Thelakkat huko Bayreuth, Ujerumani, lilitengeneza kopolima ambayo kipokeaji chake kilikuwa perilini iliyoning'inizwa kwenye mnyororo laini, na likaonyesha kwamba kopolima yenye matabaka ya kiwango cha nanomita hufanya kazi vizuri kuliko mchanganyiko wa dutu hizo hizo zisizofungwa pamoja. Ufanisi ulikuwa mdogo, chini ya asilimia 1, lakini hoja ya mpangilio ilikuwa imesimama.

Ili bloku zote mbili zipitishe umeme vema, ilibidi mnyororo mzima uwe wa vifungo pishani. Hapa P3HT ilirudi na sifa mpya. Mwaka 2004 kundi la Richard McCullough huko Pittsburgh na kundi la Tsutomu Yokozawa nchini Japani, kila moja kwa upande wake, yalionyesha kwamba polithiofeni ikikuzwa kwa kichocheo cha nikeli huongeza kipande kimoja kimoja kwa utaratibu. Kichocheo hakiachi mnyororo kiende kingine. Hukaa pale pale kwenye ncha. Hivyo urefu unapangwa mapema: kichocheo kidogo kwa vipande vingi hutoa minyororo mirefu, kichocheo kingi hutoa mifupi. Mwishoni ncha moja ya mnyororo hubaki na atomu ya bromini, na ncha hiyo ndiyo inayotumika kuungia bloku ya pili, mara nyingi kwa kichocheo cha paladi.

Mfano ulio wazi ulitoka mwaka 2013, kutoka kwa kundi la Rafael Verduzco wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, na kundi la Enrique Gomez wa Chuo Kikuu cha Penn State. Bloku ya kitoaji ilikuwa P3HT. Bloku ya kipokeaji ilikuwa polima nyingine ya vifungo pishani, iliyojengwa kwa pete za fluoreni, thiofeni na benzothiadiazoli. Fulereni haikuwemo kabisa. Ufanisi ulikaribia asilimia 3, juu kabisa ya ule wa seli zilizochanganya polima mbili hizo bila kuziunganisha. Sababu ilionekana kwa eksirei: kopolima ilikuwa imejipanga katika matabaka.

Kwa nini eksirei, si hadubini? Kwa sababu bloku zote mbili ni za kaboni zaidi, na kwa hadubini ya elektroni kaboni juu ya kaboni haipambanuki kwa urahisi. Watafiti hupeleka tando zao kwenye mitambo mikubwa ya sinkrotroni, huzimulika kwa eksirei, na kusoma jinsi miale inavyotawanyika. Matabaka yaliyojirudia kwa umbali ulio sawa hutoa alama mahali maalumu, na kutokana na alama hiyo umbali kati ya tabaka na tabaka hupigiwa hesabu.

Tangu hapo vipokeaji vyenyewe vimebadilika. Mwaka 2019 kundi la Yingping Zou huko Changsha, China, lilitoa molekuli iitwayo Y6, na seli zake za mchanganyiko zikavuka asilimia 15. Leo seli bora za maabara za jamii hiyo zimefika asilimia 20 hivi. Kopolima za bloku nazo zimefaidika. Mwaka 2021 watafiti wa China walitangaza kopolima ambayo bloku yake ya kipokeaji imejengwa kutokana na molekuli za ukoo wa Y6, na seli yenye dutu hiyo moja tu ikavuka asilimia 11. Kutoka chini ya 1, hadi karibu 3, hadi zaidi ya 11: safari ni ya kweli, ingawa mchanganyiko wa kawaida bado uko mbele kwa ufanisi.

Kwa nini basi kopolima za bloku hazijachukua nafasi ya kwanza? Vikwazo ni vinne.

Kikwazo cha kwanza ni ugumu wa minyororo. Sheria nzuri za matabaka na mitungi zilipatikana kwa polima laini. Polima za vifungo pishani ni ngumu, hazijikunji kwa wepesi, na hupenda kufanya fuwele. P3HT ikiwahi kuganda katika fuwele kabla bloku hazijamaliza kutengana, matabaka hayakamiliki. Kundi la Rachel Segalman, lilipokuwa Berkeley, lilifanya kazi kubwa kueleza jinsi ugumu huo unavyobadili maumbo.

Kikwazo cha pili ni mwelekeo. Matabaka yanaweza kulala badala ya kusimama. Yakilala sambamba na elektrodi, elektroni iliyo katika tabaka la chini haina njia ya kupanda, na mpangilio mzuri wa macho unakuwa hauna faida kwa umeme.

Kikwazo cha tatu kiko kwenye kiungo chenyewe. Kitoaji na kipokeaji vimefungwa pamoja, na kwa hiyo elektroni iliyoruka haiko mbali na tundu lake. Ni rahisi irudi. Wanakemia hujaribu kubadili kiungo hicho, kwa kuweka kipande kifupi kisichopitisha umeme au kwa kubadili pete zilizo jirani yake, ili chaji ziachane haraka na zisirudiane.

Kikwazo cha nne ni usafi. Bloku ya pili mara nyingi haikui kwa utaratibu wa ile ya kwanza. Katika chupa ya mwisho kunakuwa na kopolima inayotakiwa, na P3HT isiyopata mwenzi, na kipokeaji kisichopata mwenzi, na hata minyororo yenye bloku tatu. Hata baada ya kuoshwa kwa viyeyushi mbalimbali, chupa ya leo na chupa ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana. Kwa kiwanda, tofauti hiyo ni gharama.

Kwa sababu hizo, kopolima za bloku zina kazi ya pili isiyo na makuu. Badala ya kuwa seli nzima, hutiwa kidogo ndani ya mchanganyiko wa kawaida. Bloku moja huingia upande wa kitoaji, nyingine upande wa kipokeaji, na kiungo hukaa mpakani. Hapo huzuia visiwa visiungane na kuwa vikubwa, na seli hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi. Kazi hiyo haihitaji kopolima safi kupindukia, wala nyingi.

Mazungumzo yamefika mwisho, na mambo makuu yarudiwe kwa ufupi. Katika plastiki, mwanga hauzai elektroni huru bali huzaa eksitoni, nayo husafiri nanomita 10 tu. Kwa hiyo kitoaji na kipokeaji lazima vipangwe kwa kipimo hicho. Mchanganyiko wa kawaida hupata kipimo hicho kwa kusimamishwa katikati ya safari, na joto linaweza kuuvuruga. Kopolima ya bloku hukipata kwa sababu bloku zake zimefungwa pamoja na haziwezi kwenda mbali. Kazi ya kupanga inatoka mikononi mwa mwenye kupasha na kukausha, inaingia katika urefu wa mnyororo wenyewe. Bei ya faida hiyo ni kemia ngumu, na kwa sasa bei hiyo ndiyo inayoamua kama kopolima itakuwa seli nzima au kiungo kidogo ndani ya seli ya wengine.